Upepo Ukikatika, Vali Iende Wapi?

Madereva wa malori wanaoteremka mlima Kitonga, kati ya Mikumi na Iringa, huusikiliza upepo kuliko wanavyoisikiliza redio. Mshale wa presha ukianza kushuka kwenye dashibodi na kengele ikalia, dereva hahitaji kuelezwa kitu: kuna mpira umepasuka au mtungi unavuja, na muda si mrefu gari litagoma. Litagoma kwelikweli. Magurudumu ya nyuma yatabanwa na lori litasimama palepale, liwe limebeba tani 30 za saruji au liwe tupu, na utingo atashuka na jiwe la kuzuia tairi huku foleni ikijipanga nyuma.

Abiria wengi hudhani kwamba upepo ndio unaobana breki hizo. Kwa breki ya mguu ni kweli. Lakini breki ya kuegesha, ambayo ndiyo pia ya dharura, imejengwa kinyume: springi nene ndiyo inayobana, na kazi ya upepo ni kuisukuma springi hiyo nyuma ili gurudumu lizunguke. Upepo ukiisha, springi inashinda. Ajali za miteremkoni zina sababu zake nyingine, breki kupata moto ikiwa mojawapo, ila aliyebuni mpangilio huu alijiuliza swali moja kabla ya kuchora chochote. Siku upepo ukikatika, chombo hiki kifanye nini?

Swali hilohilo ndilo linalopaswa kuulizwa kwanza na kila mwenye kiwanda anayenunua vali ya upepo. Mara nyingi huulizwa mwisho, baada ya ukubwa wa bomba na bei, kama linaulizwa kabisa.

Watu wa reli walilijibu zamani, na hawakulipatia mara ya kwanza. George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869. Katika mfumo wake wa mwanzo, kompresa iliyokuwa kwenye kichwa cha treni ilipeleka upepo moja kwa moja hadi kwenye mabehewa, na upepo huo ndio uliobana breki. Ulifanya kazi vizuri hadi mpira ulipokatika. Mabehewa yakiachana njiani, yale ya nyuma yalibaki bila breki yoyote katika dakika ileile yalipozihitaji. Mwaka 1872 Westinghouse aliugeuza mfumo wake kichwa chini miguu juu. Kila behewa likapewa mtungi wake na vali maalumu, na bomba kuu likawa linajazwa presha muda wote treni inapotembea. Presha ya bomba hilo ikishuka, iwe kwa mkono wa dereva au kwa mpira kukatika, vali inafungulia upepo wa mtungi na breki zinakamata. Treni za mizigo hutembea na wazo hilo mpaka leo.

Vali ya kiwandani ni ndugu wa breki hiyo. Ukiingia kwenye kiwanda cha sukari, cha bia, cha sabuni au cha mafuta ya kula na kuyafuata mabomba ya mvuke, utakiona kitu kama uyoga wa chuma kimesimama juu ya bomba. Ndani ya kofia ya uyoga huo mna kiwambo cha mpira kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Upepo unaingia upande mmoja na kukisukuma. Springi iko upande wa pili na inakirudisha. Kiwambo kimeshikana na ufito wa chuma unaoshuka hadi ndani ya bomba, na kwenye ncha ya ufito kuna kizibo kinachokaa juu ya kiti chake au kunyanyuka. Kikinyanyuka kidogo, mvuke unapita kidogo. Kikinyanyuka sana, unapita sana. Hakuna mkono wa mtu unaogusa chochote: kidhibiti kinasoma joto, kina au presha, kisha kinatuma amri.

Kabla ya vyombo hivi, mkono wa mtu ndio uliokuwa vali. Mwaka 1880, katika mji wa Marshalltown, jimbo la Iowa, William Fisher aliyekuwa akihudumia mitambo ya maji ya mji alikesha usiku wa moto mkubwa akirekebisha kwa mkono pampu za mvuke, ili presha ya maji ya wazima moto isipungue wala kuzidi. Baada ya mkesha huo akabuni kirekebishaji kinachoifanya kazi hiyo chenyewe. Kampuni aliyoianzisha imeshabadilisha mikono na sasa imo ndani ya Emerson, lakini vali zake bado zinauzwa kwa jina la Fisher, na haitakuwa ajabu kuzikuta kwenye kiwanda chochote kikubwa cha Afrika Mashariki.

Kwa miongo mingi amri ya kwenda kwenye vali ilikuwa upepo wenyewe, wenye presha ya kati ya paundi 3 na 15 kwa inchi ya mraba. Vijana wanaojifunza kazi huuliza kwa nini ianzie 3 na si sifuri. Ni werevu wa wazee wa kazi. Tatu maana yake amri ni ya chini kabisa lakini mawasiliano yapo; sifuri maana yake bomba la amri limekatika. Leo chumba cha udhibiti hutuma umeme wa miliampia 4 hadi 20, kwa hesabu ileile ya moja kwa tano, na kwenye vali kuna kifaa kiitwacho posishona kinachougeuza umeme huo kuwa upepo na kuhakikisha kwamba ufito umefika ulikoagizwa. Ujumbe umehamia kwenye waya. Misuli imebaki ya upepo.

Imebaki kwa sababu nzuri. Upepo hautoi cheche, jambo la maana kwenye kiwanda cha spiriti au kituo cha gesi. Pia una nguvu isiyolingana na sura yake: kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 30 kikipewa presha ya bar 1 tu kinasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 700 na ushei. Mota ya umeme yenye nguvu hiyo ipo, lakini umeme ukikatika, mota ya kawaida hubaki palepale ulipoiacha, isipokuwa imeongezewa springi au betri kwa gharama ya ziada. Mtungi wa upepo nao huendelea kuwa na akiba baada ya kompresa kuzima, na mtungi ukiisha, springi iko tayari. Kwa mtu anayeendesha kiwanda mahali ambapo umeme hukatika bila kuaga, hoja hii ina uzito kuliko kurasa zote za katalogi.

Hakuna mfano wa swali lile la kwanza unaomfikia kila mtu nyumbani kama pakiti ya maziwa. Maziwa yanayopashwa yakiwa yanatiririka hufikishwa nyuzi 72 za Selsiasi na kushikiliwa kwenye joto hilo kwa sekunde 15. Mwisho wa bomba la kushikilia joto kuna vali yenye njia mbili za kutokea. Moja inakwenda kwenye kupoozwa na kufungashwa, nyingine inarudi kwenye tangi la maziwa mabichi. Upepo ndio unaoishikilia vali kwenye njia ya kwenda mbele. Joto likishuka chini ya kiwango, kompresa ikizima, au mtu akijikwaa kwenye mpira wa upepo ukachomoka, springi inaigeuza vali na maziwa yanarudi yalikotoka. Kiwanda kitapoteza saa moja ya kazi na msimamizi atakasirika. Basi. Sasa chukua vali ileile, ya chuma kilekile na bei ileile, ila springi imefungwa upande wa pili. Upepo ukikatika, maziwa ambayo hayajaiva yangeendelea kwenda kwenye pakiti, na kwa nje kila kitu kingeonekana shwari.

Jibu la swali si moja kila mahali, na hapo ndipo fundi anapopata ujira wake. Vali ya mafuta au gesi inayolisha moto wa boila inapaswa kufunga upepo ukikatika. Vali ya maji ya kupooza mtambo unaochemka inapaswa kufunguka, kwa sababu mtambo hauachi kuchemka ati kwa kuwa kompresa imezima. Juu ya vali ya maji yanayoingia ndani ya boila, wahandisi wazoefu hubishana hadi chai ikapoa: ikifunga, boila linaweza kukaukiwa huku moto ukiwaka, ikibaki wazi, maji yanaweza kupanda hadi kuingia kwenye bomba la mvuke. Wengine huweka kifungio kinachoiacha vali mahali ilipokuwa. Ubishi wa namna hiyo ni wa afya, mradi ufanyike kabla ya kununua na matokeo yake yaandikwe.

Kwa kawaida hayaandikwi. Karatasi ya manunuzi inayotoka kwenye karakana kwenda kwa mhasibu husema: vali ya upepo, inchi 3, moja. Mhasibu anatafuta bei tatu, anachagua ya chini, na amefanya kazi yake kama alivyofundishwa. Si wa kulaumiwa. Amepewa sentensi yenye maneno machache na kuambiwa anunue chombo kitakachoongoza mvuke wa kiwanda kwa miaka 20. Ni sawa na kumtuma mtu dukani akalete viatu vyeusi bila kumwambia vya nani.

Na hili halihusu Ulaya peke yake. Olkaria imekuwa ikizalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba la Mtwara likafuata miaka 11 baadaye. Viwanda vya chai, saruji, bia na sukari vilikuwapo kabla ya hapo. Kila kimoja kina safu za vali, na kila vali siku moja itahitaji kubadilishwa na mtu mwenye karatasi mkononi.

Kwa nini inchi 3? Kwa sababu bomba ni inchi 3. Hilo ndilo kosa la gharama kuliko yote, na linafanywa na watu wenye akili timamu kwa kuwa linaonekana kama busara. Watengenezaji huipima vali kwa namba iitwayo Kv, yaani mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa moja vali ikiwa wazi kabisa na tofauti ya presha kati ya pande zake mbili ikiwa bar 1. Wamarekani wana namba yao, Cv, inayohesabu galoni zao kwa dakika na paundi 1 kwa inchi ya mraba. Kwa vali ileile Cv huwa kubwa kuliko Kv kwa takriban asilimia 16, na anayezichanganya ameshakosea kabla ya kuanza.

Chukua bomba la milimita 80, ambalo ndilo hilo la inchi 3, linalopitisha maji mita za ujazo 20 kwa saa, na ikubaliwe kwamba vali itapoteza presha ya bar 2. Gawanya 20 kwa kipeuo cha pili cha 2. Jibu ni 14 na ushei, na hiyo ndiyo Kv inayohitajika. Vali ya milimita 80 ya kizibo na kiti kwenye katalogi nyingi ina Kv ya karibu 100. Ya milimita 40 ina karibu 25. Kwa hiyo bomba hili linahitaji vali yenye nusu ya kipenyo chake, na vali hiyo ni nyepesi na rahisi zaidi. Fundi anayeogopa kwamba itabana maji hajakosea. Itabana, na kubana ndiyo kazi iliyonunuliwa kwayo.

Aliyenunua kubwa atayaona matokeo usiku, uzalishaji ukipungua. Mtiririko ukishuka hadi mita za ujazo 4 kwa saa kwa tofauti ileile ya presha, vali ya milimita 80 inafanya kazi kwa chini ya asilimia 3 ya uwezo wake. Kizibo kinachungulia tu juu ya kiti. Kidhibiti kikikisogeza kwa unywele mmoja, mtiririko unaruka, kikikirudisha, unakatika. Vali inafunguka na kufunga usiku kucha kama mlango wa duka wenye upepo wa kusi, joto linapanda na kushuka, na asubuhi mtu anaandika kwenye daftari kwamba kidhibiti kina hitilafu. Ni kumimina chai kwenye kikombe kwa kutumia ndoo. Kwa mvuke hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ule upenyo mwembamba, ukipitiwa kwa kasi na mvuke wenye matone ya maji, huchonga mifereji kwenye chuma cha kiti. Baada ya hapo vali haifungi hata ikiamriwa, na kiwanda kinaagiza nyingine. Ya inchi 3.

Kuna namna ya kuchonga kizibo inayosaidia. Kizibo cha mstari hupitisha nusu ya mtiririko kikiwa kimenyanyuka nusu ya safari yake. Kile kiitwacho cha asilimia sawa hupitisha takriban asilimia 14 tu kikiwa nusu ya safari, kisha kinazidi kufunguka kwa kasi kuelekea mwisho. Kinaonekana kama kina ulemavu mpaka mtu akumbuke kwamba kwenye mabomba marefu, mtiririko ukiongezeka, msuguano wa bomba hula presha na vali inabakiwa na kidogo. Umbo hilo linafidia. Kwa sehemu kubwa ya mabomba ya kupashia na kupoozea, ndilo chaguo la kuanzia.

Karatasi ya manunuzi husahau pia kwamba bomba nalo linasukuma. Kizibo chenye kipenyo cha sentimita 10 kikizuia mvuke wa bar 10, mvuke huo unakisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 800 hivi. Kile kiwambo cha sentimita 30 chenye bar 1, chenye nguvu ya kilo 700 na ushei, kimeshindwa. Vali itakaa benchi, itafunga vizuri mbele ya macho ya kila mtu, itapakwa rangi, itafungwa kwenye bomba, na siku ya kwanza ya mvuke itavuja. Muuzaji aliyeulizwa presha ya kazini peke yake atakuwa amejibu kweli tupu. Alipaswa kuulizwa presha ya wakati vali imefunga, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko ile ya wakati inapitisha.

Tena hata inayofunga haifungi kabisa. Viwango vya kimataifa vinazigawa vali hizi kwenye madaraja 6 ya uvujaji, na daraja la 4, la kawaida sana kwa vali zenye kiti cha chuma, linaruhusu sehemu 1 kati ya 10,000 ya uwezo wa vali ipite ikiwa imefungwa. Kwa kuongoza mtiririko hilo si tatizo. Kwa fundi anayetaka kuingiza mkono ndani ya tangi la upande wa pili, ni tatizo la kumfikisha hospitali. Vali ya kuongoza si koki ya kufungia. Koki inawekwa pembeni yake, inafungwa kwa mkono na kutiwa kufuli.

Sauti nayo inasema kitu. Bomba la maji likipiga kelele kama linapitisha kokoto, na hakuna kokoto, basi maji yanachemka ndani ya vali bila moto. Kwenye koo la vali maji hukimbia kwa kasi na presha yake hushuka. Ikishuka vya kutosha, mapovu ya mvuke yanatokea hata maji yakiwa ya uvuguvugu. Maji ya nyuzi 30 huchemka presha ikifika karibu asilimia 4 ya ile ya hewa ya pwani. Mapovu hayo yakivuka koo na kuikuta presha imepanda tena, yanajifumba kwa kishindo kidogo, maelfu kwa maelfu, na kila kishindo kinabandua chembe ya chuma. Baada ya miezi, chuma kinaonekana kama kimeliwa na mchwa. Kununua chuma kigumu zaidi kunachelewesha tu. Dawa ni kuigawa presha ipotee hatua kwa hatua, kwa vali yenye ngome ya matundu ndani yake au kwa vali mbili zinazofuatana, na dawa hiyo hutolewa na anayejua presha ya kuingia na ya kutokea, si upana wa bomba.

Kuhusu aina za vali, maelezo mengi hayahitajiki. Ya kizibo na kiti hutawala kwenye mvuke na kazi za uangalifu. Ya kipepeo, yenye sahani inayozunguka, ni rahisi kwa mabomba mapana ya maji. Ya kiwambo kinachobanwa moja kwa moja ndani ya bomba ina historia ya Afrika: P. K. Saunders aliibuni mwaka 1928 kwenye machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako vali za wakati huo zilikuwa zinavujisha upepo wa migodini kupitia kwenye fito zake. Kwa kuwa mpira hutenganisha kinachopita na sehemu zinazosogea, vali hiyo leo inapendwa kwa asidi, kwa tope na kwa dawa za hospitali.

Halafu kuna upepo wenyewe, ambao watu huuchukulia kama kitu cha bure. Si wa bure. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba uvujaji unaweza kupoteza asilimia 20 hadi 30 ya upepo unaotoka kwenye kompresa za kiwanda. Anayetembea kiwandani siku ya mapumziko, mashine zimezimwa na kompresa bado inaunguruma, ameshasikia fedha zikitoka.

Pwani ina shida yake ya ziada, nayo ni unyevu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, hali inayojulikana vizuri Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, hubeba takriban gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo. Kompresa inayovuta mita za ujazo 100 kwa saa na kuzigandamiza hadi bar 7 hukamua humo karibu lita 2 za maji kila saa, upepo ukisharudi kwenye joto la kawaida. Lita hizo zisipotolewa na kikaushio na koki za chini ya mitungi, zinasafiri hadi kwenye posishona, yenye vitundu vyembamba kama vya sindano. Zinabeba kutu na mafuta ya kompresa njiani. Kiwanda kinachonunua posishona ya kisasa na kuinyima kikaushio kimemvisha mtu kanzu nyeupe na kumpitisha kwenye tope.

Maji ndani ya bomba la upepo yamewahi kufanya makubwa kuliko kuziba tundu. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, wafanyakazi walikuwa wamehangaika kuzibua kifaa cha kusafishia maji ya mtambo, wakitumia maji na upepo wa kugandamizwa. Kwa maelezo yanayokubaliwa zaidi, vali ya kuzuia kurudi nyuma ilikuwa imekwama wazi, na maji kidogo yakapenya hadi kwenye upepo wa kuendeshea vifaa. Ilipofika saa 10 alfajiri, pampu za kulisha maji zikazima. Kinu kikajizima pia, kama kilivyopangwa. Presha ilipopanda, vali ya kuipunguza ikafunguka, kama ilivyopangwa. Ilipaswa kufunga baada ya sekunde chache. Ikakwama wazi.

Vali hiyo ya mwisho haikuwa ya upepo, ila kisa chake kinazihusu zote. Kwenye chumba cha udhibiti taa yake ilionyesha kwamba imefungwa. Taa haikudanganya kuhusu kile ilichounganishwa nacho: ilikuwa ikiripoti kwamba amri ya kufunga imetumwa. Hakuna waya uliokwenda kwenye vali yenyewe kuuliza iko wapi. Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupoozea kinu yalitoka huku waendeshaji wakiitazama taa ile na kuamini. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Ndiyo maana kwenye vali chache zinazobeba usalama wa watu, fedha ya kununua posishona inayorudisha habari ya mahali ufito ulipo, si mahali ulipoagizwa kuwa, isikatwe na mtu yeyote kwenye kikao cha bajeti. Si lazima kwa kila vali. Vali ya maji ya kuoshea sakafu inaweza kuishi bila hiyo. Kupembua ipi ni ipi kunahitaji fundi akae mezani na mhasibu kabla ya bei tatu kutafutwa, akiwa na karatasi ndefu kidogo: kinachopita ni nini na kina joto gani, mtiririko wa juu, wa kawaida na wa chini kabisa ni kiasi gani, presha pande zote mbili na wakati vali imefunga, upepo uliopo una presha gani, na unapokatika vali iende wapi. Wauzaji makini huziuliza habari hizo wenyewe. Anayekubali kuuza kwa neno la "inchi 3" bila kuuliza lolote amejitambulisha.

Kwa vali zilizokwisha kufungwa zamani, na ambazo hakuna anayekumbuka ziliagizwa vipi, lipo jaribio la nusu saa lisilohitaji mtaalamu kutoka nje. Siku ya matengenezo, mabomba yakiwa baridi na koki za pembeni zimefungwa, fundi anaipa vali upepo mpaka ifike katikati ya safari yake. Kisha anafunga koki ndogo ya upepo, anachomoa mpira na kuutazama ufito. Utapanda au utashuka. Wakati mwingine hautasogea hata kidogo, kwa sababu springi imekatika au kutu imeubana, na hakuna aliyejua. Jibu linaandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kofia ya vali, kwa herufi za kusomeka kutoka mlangoni, na fundi anahamia kwenye inayofuata.